Ajenti Niliyemsema Vibaya Ndiye Aliyeivusha Timu Yangu

Mama Marcella,

Pokea salamu nyingi kutoka Kanja, huku Embu. Nakuandikia nikiwa nimebeba shukrani ambayo imenishinda kuitoa, imekaa nami miezi minne sasa, na kila siku inazidi kuwa nzito, kwa hivyo nakuomba unisikilize mpaka mwisho halafu uniambie la kufanya, hata kama utanigombeza.

Jina langu ni Rwamba, nina miaka arobaini na moja, ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka tisa nimekuwa kochi wa timu ya voliboli ya akina mama wa hapa kwetu. Wengi wao wanachuma majani chai asubuhi halafu wanakuja mazoezini saa kumi jioni na viatu mkononi, wengine tayari wana wajukuu, na usicheke, wanaruka kuliko wasichana wangu wa darasa la nane. Safari zote za timu hii nimezipanga mimi mwenyewe, iwe ni Runyenjes, iwe ni Chuka, iwe ni Meru, natafuta gari, natafuta mahali pa kula, najua nani anatapika njiani na nani lazima akae karibu na dirisha. Gari ni la shemeji yangu Mugendi, ndugu mdogo wa mume wangu, ambaye ana gari la abiria kumi na wanne na hajawahi kutuangusha hata siku moja.

Sasa mwaka huu tukaalikwa mashindano ya timu za akina mama kule Arusha, likizo ya Aprili, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kuvuka mpaka. Tukafanya mkutano uwanjani, na Ruguru, ambaye ndiye nahodha na ndiye anayewatengea wenzake mipira, akasimama akasema, "Kochi, hii si safari ya Chuka. Kuna dada anaitwa Nurto, ana ofisi ya safari hapo Meru karibu na uwanja wa Kinoru, anapeleka timu na mashabiki mpaka nje ya nchi. Timu ya Ruiri inaenda naye kwa mashindano haya haya. Si tumpigie tu, tuulize?"

Mama Marcella, nitakuambia ukweli. Kulikuwa na sababu ya kuogopa, kwa sababu miaka miwili iliyopita vijana wa mpira wa miguu wa hapa jirani waliandikisha safari kwa ajenti, na asubuhi ya kuondoka wakakaa kando ya barabara na mabegi yao mpaka saa nane mchana, na hakuna gari lililokuja, na ofisi ya huyo ajenti ikaonekana ilikuwa ni nambari ya simu tu. Lakini si hiyo peke yake iliyonisukuma. Nilisikia vibaya kwamba baada ya miaka tisa mtu mwingine anatajwa kwa kazi yangu mbele ya timu yangu, na nikajibu kwa hasira, nikasema, "Huyo Nurto si mtu wetu. Kwake sisi ni abiria tu. Hata tukiachwa mpakani, yeye atalala vizuri."

Ruguru akakaa chini, na mkutano ukaisha hapo.

Basi nikapanga mwenyewe. Nikawasaidia wote kupata pasi za kusafiria, nikawapeleka hospitali wakadungwe ile sindano ya homa ya manjano, maana huwezi kuingia Tanzania bila kadi yake, nikakusanya kadi kumi na mbili nikazifunga kwa utepe wa mpira. Mimi foleni ilikuwa ndefu na nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, nikasema nitarudi wiki ijayo nidungwe, na ile wiki ijayo haikufika. Gesti ya Arusha niliipata kwa simu, mtu akaniambia "Hakuna shida mama, karibuni." Na nilipomuuliza Mugendi kama gari lake linaruhusiwa kuvuka, akacheka akasema, "Mpaka ni watu. Tutaongea nao."

Tuliondoka Ijumaa alfajiri tukiimba. Tukafika mpakani Namanga karibu saa sita. Askari wa kukagua magari, mama mmoja mpole, akazunguka gari, akasoma zile stika kwenye kioo, akauliza, "Kibali cha kupitisha abiria mpakani kiko wapi?"

Mugendi akasema, "Sasa madam, si tuelewane."

"Tuelewane kuhusu nini? Kibali unacho ama hauna?"

Hakuwa nacho. Na hata kabla sijamaliza kushangaa, nikaenda pale dirisha la afya na kadi zangu, yule kijana akahesabu, akaniangalia akauliza, "Na yako, mwalimu?" Nikahesabu tena kana kwamba ya kumi na tatu itatokea.

Ulikuwa ni mchana wa jua kali. Kina mama wangu walikaa chini kando ya ukuta wakiwa wamevaa zile trakisuti mpya, na kujiandikisha kule Arusha kulikuwa kunafungwa saa kumi na mbili jioni, timu nzima iwepo, na Arusha ni mwendo wa karibu saa mbili kutoka pale. Niliwaza namna ya kuwaambia turudi nyumbani. Ruguru alizunguka nyuma ya gari na simu, akakaa huko kidogo, akarudi akasimama mbele yangu.

"Kochi, usinikasirikie. Nimempigia Nurto. Alifika Arusha jana na timu ya Ruiri. Ametafuta gari la huko na anakuja."

Alifika saa tisa kasorobo. Mwanamke wa umri kama wangu, mrefu, hijabu ya kijani na viatu vya michezo. Aliwaacha wateja wake mikononi mwa kaka yake Abdiqani na akarudi njia yote ile. Akauliza, "Kochi ni nani?" Nikasema ni mimi. Akanipa mkono.

"Pole kwa jua, dada. Niambie haraka, wangapi wana pasi na kadi?"

"Kumi na wawili."

"Na wewe?"

Nikainua zile kadi kumi na mbili, yangu haimo. Nurto akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Wakati huo kuna mtu alikuwa amemsogelea Mugendi akimwambia kadi inaweza kupatikana hapo nyuma ya maduka, na Mugendi akaja kuninong'oneza. Nurto akasikia. "Usinunue, dada. Sindano yenyewe inataka siku kumi kabla kadi ianze kufanya kazi. Ukipatikana na ya uongo, timu yote itakaa hapa na wewe. Nipe hawa kumi na wawili. Jumatatu nakurudishia kumi na wawili."

Halafu akatoa kitabu, akaandika jina la kila mchezaji, nambari ya lile gari la Tanzania, simu ya dereva, mahali watakapolala, akatia sahihi, akanipa nakala. Nilipomwambia gesti nimeshapanga, akapiga ile nambari niliyokuwa nayo, akasikiliza kidogo. "Hawana jina lenu, na vyumba vimejaa," akasema. Akapiga kwingine, akapanga akina mama wangu walale pamoja na wale wa Ruiri. Nikampa Ruguru daftari langu la michezo. Gari likaondoka. Walifika kujiandikisha ikiwa imebaki dakika kumi na tano.

Mimi nilibaki Namanga na Mugendi. Siku tatu. Yeye alilala ndani ya gari na hakutaka kuongea, na mimi nilikuwa na chumba karibu na maegesho ya malori. Jumapili mchana nilikuwa kwenye hoteli ya chai simu ikalia, ni ya picha, nikaona uso wa Nurto. "Kochi, ni mechi ya nafasi ya tatu. Angalia timu yako." Akainua simu juu ya kichwa na akaishika hivyo seti tatu nzima. Mama Marcella, nilipiga kelele nikasahau niko wapi, "Ruguru, rudi nyuma! Rudi nyuma!" na madereva wa malori wakaja kusimama nyuma ya kiti changu, na tulipopata pointi ya mwisho mmoja wao akanimwagia chai kwa furaha. Na ile sauti iliyokuwa inapiga makelele kuliko zote kwenye simu ilikuwa ya Nurto, yule niliyesema kwamba kwake sisi ni abiria tu.

Jumatatu walirudi kumi na wawili. Nurto akashuka wa mwisho. Alikuwa na medali mkononi, akasema, "Hii walimpa aliyekaa kwa benchi kama meneja wa timu. Si yangu," na akanivalisha shingoni mbele ya kila mtu. Na mimi, mwalimu, mtu wa kusema mbele ya wazazi mia mbili, nikasema, "Haya." Hiyo tu. Akapanda gari akarudi kwa watu wa Ruiri.

Tulipokuwa njiani kurudi Embu, Ruguru akaniambia jambo ambalo limeninyima raha mpaka leo. Nurto alikuwa anajua nilichosema uwanjani. Mchezaji mmoja wa Ruiri ana dada yake hapa Kanja, na maneno yalishafika Meru wiki hiyo hiyo. Ruguru alipompigia simu pale mpakani alianza kuomba msamaha kwa niaba yangu, na Nurto akamkatiza, "Hayo baadaye. Mko upande gani wa mpaka? Mmekula?"

Alijua, Mama Marcella, na alikuja.

Sasa ni Agosti. Nimeandika ujumbe wa kumshukuru mara nyingi sana nikaufuta. Timu imealikwa Kampala mwezi wa kumi na mbili na wachezaji wote wanataka kwenda na Nurto, na wengine wanasema hata za Chuka apange yeye. Mugendi amesikia, na amesema safari akipewa Nurto nisimwite tena, hata kwa kupeleka mgonjwa, na Jumapili haji tena kula kwetu. Mume wangu ananiambia niache mambo yapoe. Mimi nafikiria nimwachie Ruguru timu, nikae kando, kwa sababu nikiingia uwanjani naona kama kila mtu anakumbuka yale maneno. Je, tuendelee kujipangia au tumpe ajenti? Na nitamtazamaje yule dada?

Ni mimi,
Mwalimu Rwamba, Kanja.

*

Mwalimu Rwamba,

Kwanza hongera kwa nafasi ya tatu. Umeandika barua ndefu hivyo na kila mtu ameonekana ndani yake isipokuwa kochi aliyeifundisha hiyo timu miaka tisa mpaka ikaweza kucheza bila yeye. Kazi hiyo ni yako na hakuna aliyekunyang'anya.

Hongera imeisha. Sasa keti tuongee.

Hofu yako ya ajenti haikuwa ujinga. Wale vijana waliachwa barabarani kweli, na mtu anayebeba dhamana ya akina mama kumi na wawili ana haki ya kuogopa. Lakini mtu anayeogopa huuliza maswali, na wewe hukuuliza hata moja. Ungempigia Nurto ukamwambia, "Nionyeshe leseni, niambie basi ni lipi, nani atakuwa nasi pale mpakani," ningekusifu hata kama mwishowe ungemkataa. Hukupiga. Ulimkataa mtu ambaye hukuwa umesikia sauti yake, na neno ulilotumia ni kwamba si mtu wetu. Mugendi naye akakujibu kwa mzaha swali la maana kabisa, ukaridhika, kwa kuwa yeye ni wetu. Hapo ndipo safari yako ilipoharibika, mwalimu, pale pale uwanjani Kanja, kabla hata hamjapakia mabegi. Neno hilo nakuomba uliache kabisa. Sijui Nurto alizaliwa wapi na sina haja ya kujua. Najua alirudi njia ya saa mbili kwa ajili ya watu ambao hawakuwa wateja wake.

Unaniuliza mjipangie au mumpe mtu. Hakuna jibu moja la safari zote. Runyenjes, Chuka, Meru, panga mwenyewe na gari la Mugendi. Barabara mnazijua, mkikwama kuna mtu wa kumpigia, na hakuna haja ya kumtafuta mtu wa Kinoru awapeleke mahali ambapo mngefika mkiwa mmefunga macho. Kampala ni kitu kingine. Huko kuna mpaka, kuna vibali vya gari, kuna bima, kuna kulala ugenini, na anayejipangia lazima azifanye kazi zote ambazo ajenti huzifanya, si nusu yazo. Wewe una darasa la watoto hamsini. Mpe Nurto Kampala.

Lakini usimpe ukiwa umefumba macho kwa sababu ya shukrani. Hilo nalo ni kosa. Muulize kama ungemuuliza mgeni: gari lina kibali gani, mtalala wapi, na umpigie mwenye nyumba ya kulala wewe mwenyewe, mchezaji akiugua nani anakaa naye, mashindano yakiahirishwa itakuwaje. Yote yaandikwe. Mtu anayeijua kazi yake hachukizwi na maswali, na nyinyi mmeshamwona akitoa kitabu na kutia sahihi bila kuombwa. Chagueni na wachezaji wawili wawe wa kukagua makaratasi ya kila mtu, yakiwemo ya kochi. Ruguru awe mmoja. Yule mama aliona jambo kabla yako, akanyamazishwa, halafu akathubutu tena pale mpakani huku akijua utamkasirikia. Umemshukuru? Barua haisemi.

Na kuna mwingine ambaye barua haisemi kama umemshukuru. Mugendi angeweza kukuacha Namanga Ijumaa hiyo hiyo, akageuza gari akarudi kutafuta abiria wake wa Embu. Alilala kwenye kiti cha gari siku tatu ili shemeji yake asikae peke yake ugenini. Unadhani kimya chake ni kiburi. Mimi nadhani ni aibu, kwa kuwa alikuambia wataongea nao na ikashindikana mbele ya akina mama kumi na wawili. Nenda kwake na mumeo, si yeye aje kwenu. Mwambie umekosea kutomshukuru. Mwambie kazi ya hapa karibu ni yake kama ilivyokuwa, na ya kuvuka mpaka ina wenyewe. Kama atakasirika kidogo, mwache akasirike. Mezani atarudi.

Kuhusu kumwachia Ruguru timu, hapana. Ungetaka kumwachia kwa sababu amekomaa, tungezungumza. Unataka kumwachia ili usione nyuso za watu, na wewe unakuita huko kukaa kando. Wanawake hao walipokwama hawakusema turudi kwa sababu kochi amekosea. Walichukua daftari lako wakaenda kulitumia. Wanaokumbuka maneno yako wanangoja tu uyarekebishe, na mtu akishajitoa hapati tena nafasi ya kurekebisha.

Mume wako anasema mambo yapoe. Miezi minne imepita na hayajapoa, kwa hivyo tuachane na ushauri huo, na umsalimie.

Sasa Nurto. Usimwandikie ujumbe tena. Panda gari uende Meru, uingie ofisini kwake kama mtu yeyote, usubiri zamu yako ikiwa kuna wateja. Ukitaka kumpelekea kitu cha shamba mpelekee, lakini usijifiche nyuma ya kikapu. Usianze na vijana walioachwa barabarani, usianze na foleni ya hospitali wala madaftari. Mwambie, "Nilikusema vibaya mbele ya watu, nawe ukaja. Nisamehe. Asante." Halafu, kwa kuwa ulimsema mbele ya timu, mwalike Kanja siku ya mazoezi na uyarudie maneno hayo mbele ya timu, yeye akiwa amesimama hapo.

Baada ya kuyasema, nyamaza umsikilize. Huenda atacheka, huenda atakuambia lilimuuma sana, na akikuambia hivyo usijitetee hata kwa neno moja. Shule zimefungwa wiki hii, mwalimu, hauna sababu. Nenda Jumanne.

Mama Marcella